Nyumba Imeishia Kwenye Lenta

Kishiri, nyuma ya mawe mawili yaliyobebana
kama mama na mwanawe mgongoni,
nina nyumba.
Nisiseme nyumba. Nina kuta, zimefika lenta,
na mahali pa sebule
mchicha pori umeota hadi kiunoni.

Fundi Lugembe aliniandikia hesabu
kwenye kipande cha mfuko wa saruji:
bati thelathini na mbili, geji ishirini na nane,
mbao, misumari, na neno "nauli" mara tatu.
Ni hesabu ya mwaka juzi.
Nimempelekea muuza vifaa pale Igoma.
Ameisoma, amecheka kwa adabu,
amenirudishia
kama mtu anayerudisha picha ya marehemu.

"Bei hii haipo tena, dada Nyanzala.
Chuma kinanunuliwa kwa dola,
na wenye dola wameinua riba huko kwao,
fedha za dunia zimekimbilia kule
kama dagaa walioiona karabai."

Dagaa na karabai. Hapo nikamwelewa.

Mimi ni mtu wa mwaloni, pale Kirumba,
kazi yangu mabondo.
Nalitoa bondo tumboni mwa sangara,
nalikwangua utando, nalianika, nalipima,
lisiwe na doa, lisiwe na tundu.
Lenyewe linapanda ndege hadi Hong Kong.
Mimi mwisho wangu Geita.

Mwaka ule bei ilipopaa
mfuko mmoja wa mabondo ulikuwa kozi moja ya ukuta.
Jumatatu sangara, Jumamosi tofali.
Nilikuwa nikitazama maji ya ziwa
naona vyumba vitatu vinaogelea.

Kisha simu ya wakala ikaanza kuchelewa.
Kisha bei ikakatika katikati.
Nikamuuliza: kwani wameacha kula?
Akasema: "Huko nyumba zimeshuka thamani.
Mtu alikopa, akanunua chumba ghorofa ya arobaini;
leo deni ni refu kuliko ghorofa.
Binti yake anaolewa mwezi ujao,
supu ya bondo ameifuta kwenye orodha."

Usiku nilimuwaza mtu huyo.
Simjui jina. Naye hajui kama kuna Kishiri.
Alifunga pochi yake tu, taratibu,
na mvua ikaanza kunyesha sebuleni kwangu.

Nimekwenda benki, Barabara ya Kenyatta.
Kijana wa tai ya zambarau
amegeuza kompyuta ili na mimi nione:
asilimia kumi na saba kwa mwaka.
Nikamwambia, mwanangu,
huyu riba ni mpangaji.
Ataingia kabla mimi sijaingia,
atalala chumba kikubwa,
kodi halipi, na kutoka hatoki.
Akacheka. Akaniuliza kama nina hati ya kiwanja.

Huku Mabatini, ninakopanga,
Mzee Ndalahwa amegonga mlango saa kumi na mbili asubuhi:
kodi imeongezeka, miezi sita, mkononi.
"Mama, si unaona bati lilivyopanda?"
Nikainua macho.
Bati lake ni la wakati wa Vita vya Kagera,
limetoboka, tunahesabu nyota humo.
Limepanda lini?
Nimelipa miezi mitatu, tumegombana kwa mitatu.

Jumamosi nilikwenda Kishiri, mikono mitupu.
Jirani alikuwa amefunga mbuzi kwenye dirisha la jikoni,
nikamwacha, angalau kuna anayekaa.
Nikaung'oa mchicha wa sebule yote.
Nusu nimebeba nikapike,
nusu nimemuuzia mwenye mbuzi,
shilingi mia nane.

Ni kodi ya kwanza nyumba hii kunilipa.
Nimenunua misumari ya bati, wachache mkononi,
nimeifunga kwenye ile karatasi ya Lugembe.