Hatua Sitini

Nimeingia Dodoma kwa basi la alfajiri,
laki nane na nusu zimeshonewa ndani ya kitenge,
fedha za kamati, si zangu, ndiyo maana zinaniwasha.
Barabara ya Sita, duka la Ndahani:
feni inageuza kichwa kama mtu anayekataa bei.

"Unataka ya kupiga nini?"

Swali zuri. Wateja wangu kule Kondoa hukaa kwenye stuli,
nawaambia kidevu juu, usicheke, pasipoti haina utani,
nabonyeza nikiwa karibu hata najua wamekula nini.
Huyu wa sasa hakai. Yuko juu ya Pahi, kwenye dari ya jabali,
twiga mwekundu, shingo imepinda kuufuata ufa,
na ndani ya ufa wamo nyuki.
Mwaka juzi Nyemo alipanda na ngazi.
Alitangulia ngazi kufika chini.

Ndahani anatoa droni, miguu ya panzi, mapanga manne,
anaiwasha juu ya kaunta, risiti zinatawanyika.
Nasikia ule mlio nasema zima,
hii ni kwenda kuwatukana nyuki kwa lugha yao.

Ya pili ni ya walinzi, ya kufungwa getini,
inazungusha shingo ukiiamuru kwa simu,
hailali, haipepesi.
Naomba picha moja tu, ya gunia la karanga ng'ambo ya barabara.
Naikuza. Gunia linakuwa ukungu,
karanga zinakuwa uji.
Kukodoa si kuona, namwambia.
"Hilo dada likaandikwe kwenye khanga."

Basi nauliza yasiyoandikwa kwenye boksi.
Ikifyatuka, inapiga kelele?
Vumbi letu je, lile linaloingia mpaka kwenye yai?
Betri itavumilia hadi jua liinamie ukuta,
ile robo saa, baada ya saa kumi, rangi inapoamka?
Na nikibonyeza rimoti nikiwa hatua sitini,
kati ya kidole changu na jicho lake
pana muda gani?

Ndahani anakuna shavu.
Bei ameulizwa, dhamana ameulizwa. Muda huo, bado.
Anapanda kwenye kreti la soda, anashusha begi lililopauka,
mali ya mpima ardhi aliyehamia Mpanda:
nzito kama kilo mbili za sukari, lenzi moja, mkwaruzo ubavuni.
Hairuki. Haigeuki.
Gunia lile lile, nikaikuza, nikaikuza,
nikaona karanga moja ina tundu la mdudu.

Laki tisa. Hakushuka hata mia.
Nikaongeza nauli yangu ya kurudi,
nikalala kwa shangazi, Chang'ombe, begi tumboni kama mtoto.

Pahi. Mianzi miwili imeungwa kwa mpira wa tairi,
Nyemo kajifunika chandarua, anainua polepole,
kama mtu anayemlisha mgonjwa.
Mimi narudi nyuma nikihesabu kwa sauti.
Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Nabonyeza.
Kimya.
Halafu *twa*, harage limedondoka kwenye sufuria,
na nyuki wakaendelea na shughuli zao.

Usiku studio, nimefunga mlango, naikuza picha.
Shingo. Ufa. Mguu wa nyuma.
Chini ya kwato, pale rangi ilipokwisha,
kuna alama ya kidole,
kimeburuzwa kidogo kuelekea kushoto,
mtu anajipangusa kabla ya kushuka.
Kifua kwenye jiwe, pua kwenye rangi,
bila rimoti, bila chandarua.
Nyuki siku hiyo walikuwa wapi?

Nimekiweka changu juu ya kioo, pale pale.
Chake kilikuwa chembamba zaidi.

Kamati inamtaka twiga kwa ajili ya kalenda. Twiga watampata.
Kile kidole nimekikata pembeni, picha ya peke yake,
na kompyuta inaniuliza faili niliite nani.
Kishale kinapepesa.
Sijaandika kitu.