Waliolala Hapa

Ramani ya eneo langu la kuhesabia
ilikuwa na mstari mmoja wa bluu, nao ni korongo,
na nukta saba.
Nikamuuliza msimamizi, "Hizi nukta ni nyumba?"
Akasema, "Zilikuwa nyumba siku picha ilipopigwa."

Mimi nimezaliwa Kirua.
Kihamba cha babu kimegawanywa hadi migomba inagombana;
ukikohoa usiku, jirani anakupa pole kabla hujavuta pumzi,
na ukichimba kaburi unaomba radhi kulia na kushoto.
Sasa Loserian amenipakia kwenye pikipiki,
kishikwambi nimekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga,
tunaiacha lami Longido,
na kwa saa mbili
mtu wa kwanza tunayekutana naye ni punda.

Mashariki, Kibo.
Naijua Kibo tangu tumboni,
lakini huku imegeuka, imenipa kisogo.
Sikuitambua. Niliona haya
kama aliyempita mama yake sokoni asimwamkie.

Nchi yenyewe ni hivi:
majivu ya volkano yaliyokwisha kusahau moto,
mgunga, nafasi, mgunga,
nafasi kubwa zaidi,
lambo lililokauka likabaki na kwato za ng'ombe
zimegandamana kama mhuri kwenye barua
ambayo hakuna ofisi iliyoijibu.
Umbali, Loserian anaupima kwa petroli ya kwenye chupa za maji:
"Boma lile, nusu chupa. Lile la kule,
chupa nzima, na kurudi ni shauri lako."

Oltepesi ya Juu tulifika giza likiingia.
Ng'oto Saning'o alikuwa akikandika ukuta,
samadi hadi viwikoni.
Hakuuliza nimetumwa na nani.
Alinionyesha ngozi ya kulalia, upande wa wanambuzi.

Asubuhi nilikiwasha kishikwambi,
nikasoma swali kama lilivyoandikwa:
Ni nani na nani walilala hapa
usiku wa kuamkia leo?

Mume yuko ronjo, upande wa Gelai,
anaifuata mvua iliyonyesha juzi, au iliyoahidi tu.
Mtoto wa kwanza ni mlinzi Arusha, wa pili mlinzi Moshi.
"Hao usiwaandike waliolala," akasema.
"Wakilala wanafukuzwa kazi."

Na watoto waliopo, ni wangapi?
Akanitazama kama niliyeuliza bei ya kivuli.
"Watoto hawahesabiwi. Jioni nasimama langoni,
mbuzi wanaingia, watoto wanaingia,
sisemi moja, sisemi mbili.
Jicho linajua pengo lilipo."

Kishikwambi kilitaka tarakimu.
Pengo halina kisanduku.
Basi nikaomba majina, akayataja polepole,
nami nikakunja vidole nyuma ya mgongo
kama mwizi wa karanga.
Tisa. Na bibi asiyesikia, kumi.
Na aliyezaliwa alfajiri ile nyumba ya pili,
ambaye bado hana jina, wala hakulala,
wala hakumwacha mtu alale: kumi na moja.

Swali la mwisho:
Kuna mgeni yeyote aliyelala katika kaya hii?

Alininyooshea kidevu.
"Wewe. Tena ulikoroma."

Nikajiandika.
Mwanamke. Miaka thelathini na minne.
Alipozaliwa: Kirua.
Uhusiano na mkuu wa kaya: hakuna.
Kumi na mbili.

Bado naiweka karatasi ya majumlisho
ndani ya daftari la maandalio ya somo.
Mwishoni kuna hesabu niliyoifanya kwa mkono:
watu wa Oltepesi ya Juu gawanya kwa eneo lake,
jibu, ukikaribisha,
watu wawili kwa kilomita ya mraba.

Darasani nawafundisha watoto kwamba huo ni wastani,
kwamba wastani si mtu.
Lakini mimi nawaona wote wawili waziwazi,
katika mraba wao wa vumbi na migunga.
Mmoja anakandika ukuta.
Mwingine anakoroma.