Stakabadhi

Miaka tisa nimekohoa kanisani, hapa Sikonge.
Si kifua. Daktari wa misheni alinisikiliza mgongo
akasema, mama, mapafu yako mazima kama ngoma mpya.
Kikohozi kilikuwa na saa yake:
sala ikifika pale pa deni zetu, koo linashikwa;
tukifika majaribuni, linaachiwa.
Wa benchi langu walizoea. Mungu, sijui.

Deni lenyewe lina tarehe, lina namba.
Marobota kumi na manne ya tumbaku,
tuliyoyakaushia banini mimi na Nkwabi, zamu kwa zamu,
macho mekundu kwa moshi, tukiamshana kwa kiwiko.
Mihayo, mpimaji wa chama,
akachomeka ncha ya kiatu chini ya mizani,
sindano ikapoteza kilo, robota baada ya robota.
Akaandika. Akagonga muhuri. Akasema, "Anayefuata."
Mwezi wa sita Nkwabi akalazwa Kitete,
tukatajiwa kiasi. Kiasi kile nilikijua:
ni kilo zilezile, zilizobaki chini ya kiatu.

Nikazika.
Stakabadhi nikaikunja mara nne,
nikaiweka ndani ya Kitabu, isipotee.

Uchungu haukunila kwa kishindo.
Ulikaa kama mpangaji mpole, analipa kodi kwa wakati:
ulinipa cha kuwaza usiku,
ulinipa njia ndefu ya kisimani, nisipite kwa Mihayo.
Mbuzi wake walipokufa nilifurahi.
Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Basi Jumapili ya mavuno mjukuu wangu Kalunde
akaitwa kusoma mbele. Akachukua Kitabu changu.
Alisoma vizuri, sauti ya darasa la tano,
kila nukta na pumzi yake,
kisha akanyamaza.
Akakisogeza karibu na dirisha. Akaniangalia.
"Bibi, hapa pamefutika."

Kanisa zima likageuza shingo.
Wino wa kaboni, wa bluu, umevuja kwa unyevu wa masika tisa.
Kilo zangu zimelala juu ya neno,
namba za Mihayo juu ya msamaha wa Mungu,
na aliyezilaza ni mimi.
Mchungaji akamnong'oneza mtoto maneno, ibada ikaendelea.
Mimi nilibaki palepale pa bluu.

Jumatatu sikuzunguka.
Mihayo alikuwa akimenya karanga, peke yake,
mguu mmoja umevimba. Sikuuliza ni upi.
"Nilijua utakuja," alisema. "Nilidhani utakuja na mgambo."
Nikamwonyesha karatasi. Hakuwa na miwani. Hakuihitaji.
Maneno niliyoyaandaa njiani, matamu, ya kikanisa,
yalinikimbia yote. Nilisema tu, "Sikudai tena,"
na sauti ilitoka mbaya, kama ninafukuza kuku.
Akanyoosha mkono aipokee. Nikaivuta nyuma:
mzigo ulionichosha mimi, nimtwike mgonjwa?
Nikaichomeka mekoni, chini ya chungu chake cha maharage.
Ilichelewa kushika moto, ule muhuri hasa.
Yeye alilia. Mimi sikulia.
Nilimsaidia karanga mpaka jua likafika utosini.

Msiniulize kama imekwisha.
Alhamisi nilimwota Nkwabi akitafuta koti lake,
nikaamka na ile hasira, mbichi, imeketi kitandani.
Nikamwambia Bwana: Wewe ulisamehe misumari ikiwa bado mikononi.
Mimi nipe ya leo tu, kama ugali.
Ya kesho nitakuja kuiomba kesho.

Jumapili, tulipofika pale pa wadeni, nilitamka.
Kwa shida, silaba moja moja,
kama mtu aliyejifunza lugha ukubwani.
Kisha nikakohoa.
Jirani akanigusa bega, kwa huruma ya miaka tisa.
Vumbi, nikamwambia.
Vumbi tu la kiangazi.