Lifti ya Kobi

Tumeshuka upande usio wetu.
Theluji ilikuwa tamu, tukaifuata
mpaka chini kabisa, mpaka lami,
na gari letu limebaki Gudauri, ng'ambo ya mlima.

Gocha anataka tusimame papo hapo, kwenye kona.
Namvuta mkono. Hapa dereva atatuona
akishatukanyaga.
Tunatembea hatua mia mbili, buti zikigonga kama kwato,
hadi barabara inaponyooka
na greda limeacha nafasi ya gari kuegea
bila mwenyewe kuomba dua.

Vua helmeti, namwambia. Shusha kitambaa.
Nani atampakia mtu asiye na uso?
Skii tunazifunga tumbo kwa tumbo,
kingo za chuma nazivika soksi zangu za akiba.
(Yuko mtu mahali fulani analaani kiti kilichochanika.
Aliyekichana ni mimi, baridi ya mwaka juzi.
Nilishuka kimya.)

Malori ya Waarmenia yanapanda yakikoroma.
Kwa hayo tunashusha kidole gumba, tunapunga tu:
lori lenye shehena likisimama kwenye mpando huu
litalala hapa na sisi.

Anasimama Ushangi, na Niva yake ya kijani.
Ingieni, wanangu, ingieni!
Moyo wake wazi, kioo wazi,
na pumzi yake ni gongo ya zabibu tupu.
Gocha keshashika kitasa.
Nasema: Ahsante, baba, tunamngoja mwenzetu.
Uongo mwembamba, uliovaa adabu.
Anatubariki, anaondoka.
Nilipaswa kusema, Baba, zima gari, upumzike.
Sikusema. Neno hilo likanikaa shingoni
kama theluji iliyopenya kola.

Nusu saa. Vidole vya miguu vimeacha kujibu.

Kisha Lamzira, na Delika iliyojaa ndoo za jibini.
Namuuliza yeye kwanza: Mama, unaelekea wapi?
Ndipo nataja kwetu.
Gocha anajikung'uta nje, mabega, magoti, nyayo,
kama anayeingia nyumba ya watu, na ndivyo ilivyo.
Napiga picha namba ya gari, namtumia dada yangu,
sifichi; Lamzira anacheka:
Nipige na mimi basi, upande huu ndio mzuri.
Mlango tunaufunga polepole. Umri wake nauheshimu.

Hatumwekei muziki wetu. Anasimulia ng'ombe,
binti aliye Poland, bei ya chumvi.
Hela ya petroli naiweka karibu na gia;
anairudisha mfukoni mwangu bila kutoa macho barabarani.

Baada ya handaki la tatu, Niva ya kijani,
pua yake ndani ya ukuta wa theluji.
Ushangi amesimama kando, mzima,
kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani.

Tunachomoa mabeleshi,
yale tunayobeba ili kufukuana sisi kwa sisi.
Tunachimba. Lamzira anachukua funguo za Niva,
anazitia mfukoni mwa aproni, hasemi neno.

Mzee anatutazama. Anahesabu: mmoja, wawili.
Na mwenzenu, anauliza,
alifika?

Ndiyo, baba, namjibu,
nikisogeza ndoo ya jibini
apate pa kukaa.