Daftari la Alama

Winipegi, Januari. Barafu imeziba tundu la kitasa.
Huku chini, katika chumba cha ardhini,
tanuri la kupasha nyumba linakoroma
nami nimefungua daftari, kurasa mia mbili,
nililolinunua kwa hesabu za sukari na kodi
likaishia kuwa la filamu.

Nilikuwa mwalimu. Kidato cha Pili, Korogwe.
Mkono haujaisahau kalamu nyekundu.
Kila Jumapili tunatazama moja,
kanda tatu kwa dola, duka la mitumba, Barabara ya Selkirk,
na kila Jumapili nasahihisha.

Filamu bubu, mwaka wa ishirini na nne:
mwanamke mwenye macho kama visahani
anamlilia baharia. Saba juu ya kumi.
Nilimkata moja kwa kulia mno kwa mikono,
moja kwa mpiga kinanda asiyejua kunyamaza,
moja nimesahau. Labda nilikuwa na njaa.

Ya wapanda farasi, sitini na moja:
bastola moja, risasi sita, maiti tisa.
Nikarudisha kanda, nikahesabu tena.
Hisabati, sifuri. Milima, nane.

Ya kutisha: ngazi, balbu inayokata roho,
binti anashuka peke yake kule anakojua kuna nini.
Pambizoni niliandika: asiyesikia la mkuu. Tatu.
Lakini usiku ule niliiacha taa ya choo ikiwaka,
na asubuhi, haki ni haki, nikaongeza mbili.

Ya mapenzi, ya juzijuzi, rangi zimepauka
kama shuka lililozidishiwa jiki.
Wanapendana kwa simu. Hawapigi:
wanaandika, wanafuta, wanaandika.
Hiyo sijaipa kitu. Asiyeelewa swali
hana ruhusa ya kusahihisha jibu.

Safu ya pili, ya wino wa bluu, ni ya Nassoro,
mume wangu, mwoka mikate wa zamu ya usiku,
anayerudi na unga kwenye nyusi.
Tisa. Kumi. Tisa na nusu. Kumi.
Miaka mingi nilidhani ni ukarimu.
Kumbe mwanzo huuona, na majina ya mwisho huyaona;
katikati hulala, kinywa wazi, mguu mmoja nje ya kiatu.
Kumi maana yake alilala fofofo.
Tisa, farasi walimwamsha.

Na akiamka huuliza jambo moja tu:
"Yule mbwa, alipona?"
Si shujaa, si harusi, si nani muuaji.
Mtu huyuhuyu akiona mbwa njiani
huvuka ng'ambo, ameshika pindo za koti
kama anayeruka dimbwi.
Na filamu hizi, sijui kwa nini, karibu zote zina mbwa.

Jumapili iliyopita, ya wachimba madini,
nyeusi na nyeupe, mvua mwanzo mwisho.
Mbwa aliketi kwenye mdomo wa shimo
siku saba zao, dakika kumi na moja zetu.
Hakupona. Kamera haikugeuza uso.
Nikaandika kumi, ya kwanza katika daftari lile,
kwa huko kutogeuza uso.

Majina yakaanza kupanda. Nassoro akajinyoosha.
"Alipona?"

Korogwe niliwahi kukataa kumwongezea
mpwa wa mkuu wa shule alama mbili,
mbili tu, na nikahamishwa kwa ajili yake,
mimi na masanduku yangu juu ya lori la katani.

"Alipona," nikasema. "Akazaa watoto wanne."

Akachukua kalamu yake. Tisa.
Nikamwuliza mbona si kumi.
"Wanne ni wengi," akasema, akitafuta kiatu,
"kwa nyumba ya mchimba madini."

Tisa ile bado ipo, kando ya kumi yangu.
Wiki hii nimeipitia mara tatu na kalamu mkononi,
kifuniko nimekiuma kwa meno.
Wino mwekundu umenidondokea kwenye kidole.
Sijaikata.