Mgeni Ondoka, Mwenyeji Apone

Saa nane na robo usiku, Masese, Jinja.
Nje, kiwanda cha samaki kimelala na harufu yake.
Ndani, baridi ya kupimwa, nyuzi kumi na tisa,
na feni mia tatu zinazosema neno moja
bila kuvuta pumzi.

Nimevaa sweta la marehemu mjomba juu ya sare.
Isabirye ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza,
chai yake ya tangawizi mbali na nyaya, sheria ni sheria,
karatasi ya kazi magotini:
Mwenyeji namba nne. Kijiti cha kumbukumbu kibovu. Kitolewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi hapa tunaipindua:
mgeni ondoka, mwenyeji apone.
Maana namba nne ana wageni thelathini na mmoja kifuani,
mashine zisizo na mwili, zinakula kwake, zinalala kwake,
na huwezi kumpasua mtu
watoto wakiwa mgongoni.

Basi wahame. Wagawane namba tano na namba sita.
Kitufe hiki hapa. Kubofya ni sekunde.

"Umewauliza majirani?" Isabirye, bila kuinua macho.
"Nimewaita. Wote wameitika."
"Kuitika si uzima, Nambozo."

Kweli. Kwetu Sironko ukisema mulembe
unajibiwa mulembe.
Nyanya yangu aliitika mulembe mwaka mzima,
mguu umevimba kama gunia la kahawa,
kwa sababu salamu ile haijui jibu lingine,
kama vile hujambo isivyomjua mwingine ila sijambo.

Na Machi iliyopita tulitosheka na salamu.
Tuliwahamishia wageni ishirini kwa mwenyeji aliyeitika vizuri,
diski yake imejaa hadi kooni.
Kufika alfajiri, kliniki moja upande wa Buwenge
ilikuwa ikiandika majina ya wajawazito kwa kalamu,
nyuma ya kalenda ya kiwanda cha sukari.
Hakuna aliyekufa.
Nalisema hilo mara nyingi kuliko ninavyoulizwa.

Kwa hiyo leo nauliza kama Wasoga wakikutana njiani,
mmoja amepiga goti, hakuna mwenye haraka:
Na feni? Na joto la tumboni?
Nafasi uliyo nayo, ukiondoa ile ya kujivunia?
Makosa uliyoyasahihisha kimyakimya usiku wa jana, mangapi?
Saa yako inasema saa ngapi?

Namba tano anajibu hata nisiyouliza.
Namba sita anakawia.
Saa yake iko nyuma dakika nne.
Kati ya kebo zake mbili za mtandao, moja imekufa tangu Jumatano,
naye anachechemea kwa mguu mmoja
huku taa yake ikiwaka kijani,
kijani cha mtoto anayeapa amenawa mikono.

Namba tano peke yake? Isabirye anahesabu kwa vidole,
kisha anaacha.
Thelathini na mmoja juu ya kumi na tisa alio nao:
tungemponya mmoja kwa kumuua mwingine.

Anachukua kalamu, anakata Kitolewe,
anaandika Alhamisi.

Saa mbili asubuhi bosi atapiga simu kutoka Kampala.
Atauliza tumelipwa usiku kucha tukifanya nini.
"Mwambie tulikuwa tunasalimiana," anasema Isabirye,
na kwa mara ya kwanza leo anacheka, chai inamwagika,
tunaifuta kwa sweta la mjomba.

Naenda stoo kutafuta kebo ya namba sita.
Nyuma yangu namba nne anaunguruma na kijiti chake kibovu,
vumilia baba, siku mbili tu,
na wageni wake wote wamelala fofofo,
hawajui kwamba nusura waamshwe
wapelekwe kwa mtu
aliyesema tu mulembe.