Shule ya Juu ya Isongole

Ukipanda kutoka Isongole, ukavuka mashamba ya pareto
hadi pale mianzi inapoanza kunong'onezana,
utaona choo cha matundu sita.
Hakuna kingine. Usicheke.
Nilisoma pale miaka mitatu,
na tundu la nne nililichimba mimi.

Ilikuwa shule ya ulozi. Tuseme mazingaombwe:
mama hakupenda neno lile litamkwe karibu na maziwa.
Karo ni gunia la viazi, lumbesa,
na blanketi la akiba, maana Julai kule
umande hugeuka kioo,
ukikanyaga nyasi zinalia kacha.

Mwalimu Asegelile alifundisha Ukungu.
Aliukunja kama shuka, pembe kwa pembe,
akaupanga kabatini na vipande vya sabuni katikati.
Msahaulifu, lakini. Mara mbili aliukunja
na mwanafunzi ndani.
Lugano alitoka wiki ya pili, ana njaa, hana la kusimulia.

Madamu Nzowa wa Hesabu
aliingiza lumbesa nzima katika kikombe,
akamimina chai juu yake, akanywa bila kumwaga tone.
Chenji ya dukani ndiyo iliyomshinda.
Tulimhesabia sisi, kwa vidole.

Mzee Sanga, Lugha za Wanyama, alizungumza na punda tu.
Ng'ombe, alisema, ni wambea, na kuku hawana siri.
Na punda anasema nini?
"Analalamika," akajibu, akafuta macho.
Kila jioni alikwenda kumwomba radhi.

Na Mkuu wetu, Bi Tusubilege, kimo cha madebe mawili,
alivaa makoti matatu, na kila koti
lilikuwa na saa yenye wakati wake mwenyewe.
Kabla ya kengele alichagua saa impendezayo.
Kuna Jumatatu moja niliisoma mara nne.

Ndipo akaja Mkaguzi kutoka wilayani,
kwa pikipiki, matope hadi magotini,
faili ndani ya mfuko wa nailoni.
Tulimwonyesha yote: moto unaosuka nywele,
kiti kinachopiga chafya,
Ziwa Ngozi ndani ya sufuria, na mawimbi yake.
Akaandika. Akageuza ukurasa. Akauliza,
"Matundu ya choo mangapi?"

Walimu wakatazamana.
Vitabu vikafunguliwa, vingine vikajifungua vyenyewe;
hapakuwa na fimbo wala neno la kale
la kutoa shimo ardhini na kuliezeka bati.
"Miezi mitatu," akasema, "au nafunga."

Tukachimba.
Asegelile alichimba na tai shingoni.
Madamu Nzowa alipima kwa kamba, akakosea, akalia, akapima tena.
Punda alibeba mawe, na inasemekana hakulalamika.
Bi Tusubilege alivua koti la kwanza, la pili, la tatu:
kumbe alikuwa mwembamba tu, kama mtu yeyote,
na siku ile saa zake zote zilisema saa kumi.

Usiku wa mwisho Asegelile akashauri
tuifunike shule kwa ukungu mpya, isipigwe na jalidi,
ikutwe asubuhi inang'aa.
Akaifunika vizuri, pembe kwa pembe,
akasahau alianzia pembe ipi.

Mimi nilikuwa chooni. Kande za jana.
Ndiyo sababu nipo nasimulia.
Nilipotoka palikuwa na nyasi,
na Mkaguzi anaegesha pikipiki.
Alihesabu matundu, sita. Akatazama huku na huku.
Akaandika "Yanatosha," akagonga muhuri,
karatasi akanikabidhi mimi, maana hapakuwa na mwingine.

Sasa nauza viazi Uyole. Karatasi ninayo bado.
Kuna siku za Julai ukungu hushuka hadi barabarani,
malori yakawasha taa saa nne asubuhi,
na mimi nasikia harufu ya sabuni.
Hapo nasimama, gunia mgongoni,
nasema mara moja tu, kwa adabu:
Mwalimu, jaribu ile ya kushoto.